Okidi juu ya mwembe: je, inaumiza mti?

Kwenye miembe ya zamani, mifenesi na michungwa, kuanzia mwambao hadi kwenye miinuko ya Afrika Mashariki, mara nyingi utaona mmea mdogo wenye majani manene umejishikiza kwenye tawi. Mizizi yake myeupe imeambaa juu ya gome. Hauna udongo na hakuna aliyeupanda. Wengi wakiuona huchukua panga na kuukwangua, wakiamini kwamba unanyonya mti na utapunguza matunda.

Mara nyingi mmea huo ni okidi, na mti haukuwa na shida nao. Katika makala haya tunaeleza okidi inaishije juu ya mti, jinsi ya kuitofautisha na mmea unaonyonya kweli, na namna ya kuipandisha kwenye mti wa matunda nyumbani kwako bila kuharibu mavuno na bila kuvunja sheria.

Okidi inakula nini pale juu?

Okidi ni ukoo mkubwa wa mimea ya maua. Duniani zipo aina zipatazo 28,000, na nyingi kati yake huishi juu ya miti. Zinatumia mti kama mahali pa kusimama tu, ili zifike juu kwenye mwanga.

Mizizi yake haiingii ndani ya mti. Inatambaa juu ya gome na kulishika. Kila mzizi umevikwa tabaka jeupe lililo kama sponji, ambalo hufyonza maji ya mvua na umande haraka na kuyashikilia. Chakula cha okidi ni kile kinachoshuka na maji hayo: vumbi, majani yaliyooza na kinyesi cha ndege. Chakula kingine inajitengenezea yenyewe kwa majani yake ya kijani, kama mmea mwingine wowote.

Ukitaka kuhakikisha, nyunyizia maji mzizi mweupe mkavu. Baada ya muda mfupi utaona umegeuka kijani. Lile tabaka limejaa maji, na rangi ya kijani iliyo chini yake sasa inaonekana.

Kwa nini basi watu huilaumu? Mwembe ukizeeka au ukiugua, majani yake hupungua na mwanga huingia ndani zaidi. Mwanga ukiingia, okidi hustawi. Mwenye shamba anaona mti umechoka na okidi zimejaa, anadhani moja limesababisha lingine. Mara nyingi mti ulichoka kwanza. Tatizo linalowezekana ni uzito: kichaka kikubwa cha okidi kwenye tawi bovu au jembamba kinaweza kulivunja.

Itofautishe na kirukia

Mmea wa kuogopa ni kirukia. Huu huletwa na ndege wanaokula matunda yake, kisha wakaacha mbegu zenye utomvu zimenata kwenye tawi. Mbegu ikiota hutoboa gome, huingia kwenye mti na kunyonya maji na virutubisho. Tawi huvimba pale lilipotobolewa, na sehemu iliyo mbele ya hapo huweza kudhoofika hadi ikakauka.

Kabla ya kuchukua panga, angalia mambo haya:

- Mizizi: ya okidi iko juu ya gome, mieupe au ya kijivu, na unaweza kuinyanyua kidogo kwa kucha. Gome la chini yake ni zima. Kirukia kimeungana na tawi, huwezi kukinyanyua bila kukata.
- Uvimbe: tawi lenye kirukia huwa na nundu pale kilipoingilia. Okidi haisababishi nundu.
- Umbo: kirukia kina vijitawi vya miti na majani yanayofanana na ya mti wa kawaida. Okidi nyingi zina majani manene yaliyojipanga pande mbili, au mashina yaliyovimba yanayohifadhi maji.

Kirukia kiondoe, na ukate tawi chini ya ule uvimbe, maana ukikata majani tu kitachipua tena. Angalia pia miche ya mikuyu inayoota kwenye panda za miti. Huanza kama mgeni mdogo, kisha hushusha mizizi hadi ardhini, na aina nyingine huweza kuukaba mti. Huo nao ung'oe ukiwa mchanga.

Mti upi unafaa?

Mti mzuri kwa okidi una gome gumu lenye mikwaruzo, haubanduki magamba, na unaruhusu mwanga kupenya.

Mkwaju unafaa sana kwa sababu gome lake lina nyufa na vijani vyake vidogo hupitisha mwanga. Mparachichi na mfenesi zina magome yanayoshikika vizuri. Mchungwa na mlimau nayo inafaa, hasa kwa okidi ndogo. Mwembe una gome zuri, lakini kivuli chake ni kizito. Kwa mwembe, tumia shina au matawi makubwa ya upande unaopata mwanga, au chagua mti uliopogolewa ukawa wazi katikati.

Mpera haufai kwa sababu hubandua gome lake, na okidi huondoka nalo. Mkaratusi una tabia hiyo hiyo. Mpapai hauishi miaka mingi. Mnazi una shina linaloshikika, ila makuti na nazi zinazoanguka huweza kuipiga okidi. Ukiutumia, funga okidi chini kwenye shina.

Fikiria pia kazi za mti huo. Tawi utakalolipogoa mwaka kesho usiliwekee okidi. Usiifunge mahali ambapo wachumaji hukanyaga wanapopanda, wala pale mlingoti wa kuangulia maembe unapopita. Urefu wa kifua hadi macho ya mtu mzima unatosha: unaweza kuimwagilia bila ngazi. Kama mna mbuzi, panda juu kidogo zaidi, maana mbuzi hula majani na maua yake.

Okidi ipi, na uipate wapi?

Kwenye maeneo ya joto ya chini, okidi za bustani ziitwazo Dendrobium na Vanda hustawi juu ya miti. Vanda hutaka mwanga mwingi. Phalaenopsis, yenye majani mapana na maua kama vipepeo, hutaka kivuli zaidi na unyevu. Sehemu za baridi za milimani hazifai sana kwa Vanda na Phalaenopsis.

Ukanda wetu una zake pia. Ansellia africana, ambayo kwa sababu ya maua yake ya manjano yenye madoa ya kahawia hufananishwa na chui, hupatikana sehemu nyingi za Afrika zenye joto. Baadhi ya mizizi yake hurefuka kuelekea juu kama sindano na kutengeneza kikapu kinachonasa majani makavu. Majani hayo yakioza huwa chakula chake. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania ipo Angraecum eburneum ya aina ya giryamae, iliyopewa jina kutokana na Wagiriama. Maua yake ni meupe na kijani, na hunukia usiku, saa ambazo nondo wanaoyachavusha wanaruka.

Hapa tunaomba usikilize vizuri. Usiende msituni kuzing'oa. Ansellia imeorodheshwa kimataifa kuwa spishi iliyo hatarini, na kung'olewa kwa ajili ya biashara ni moja ya sababu. Okidi hukua polepole. Mbegu zake ni laini kama vumbi na hazina akiba ya chakula ndani, kwa hiyo porini haziwezi kuota bila kupata kuvu fulani wa kuzilisha. Tunda moja linaweza kuwa na maelfu kwa maelfu ya mbegu, na bado zikaota chache mno. Ukikata kichaka cha miaka mingi, usitarajie kingine kukua haraka.

Tumeona jambo hilo upande wa okidi za ardhini. Kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Uwanda wa Kitulo, wenye okidi nyingi za ardhini, umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005.

Kisheria, kuchukua mimea kwenye msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa. Na ukoo wote wa okidi unasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975. Kuvusha okidi mpakani bila kibali kunaweza kukuingiza matatani hata kama ni mche mmoja.

Njia salama ni hizi. Nunua kwa muuza miche anayeotesha mwenyewe. Au omba kipande kwa jirani: okidi yenye mashina mengi hugawanywa, na kila kipande kibaki na mashina matatu au manne na mizizi yake. Dendrobium mara nyingine huotesha vitoto juu ya shina. Kitoto kikiwa na mizizi ya urefu wa kidole kinaweza kutengwa. Na kama tawi lenye okidi limevunjwa na upepo shambani kwako, ihamishie kwenye mti mwingine badala ya kuiacha ikafa chini. Kwa mti ulioanguka kwenye eneo la hifadhi, muulize kwanza afisa misitu.

Namna ya kuifunga

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, pale unapoona ncha mpya za kijani zinachomoza kwenye mizizi. Kwenye maeneo yenye misimu miwili ya mvua, mwanzo wa masika au wa vuli unafaa.

1. Chagua upande wa mashariki wa shina au tawi nene. Hapo itapata jua la asubuhi, na itakwepa jua kali la alasiri.
2. Safisha okidi. Ondoa udongo wote wa kopo na ukate mizizi iliyooza, ile laini yenye rangi ya kahawia. Tumia kisu kilichopitishwa motoni kisha kikapoa, ili usihamishe magonjwa.
3. Loweka mizizi kwenye maji kwa muda wa nusu saa. Mizizi iliyolowa hukunjika bila kuvunjika.
4. Weka nyuzi chache za makumbi ya nazi zilizolowekwa kati ya mizizi na gome. Ziwe kidogo tu. Ukishindilia fungu kubwa, maji yatatuama na mizizi itaoza.
5. Ibandike okidi ikiwa imeinama kidogo, ili maji ya mvua yasikae katikati ya majani. Usiitumbukize kwenye panda inayotuamisha maji.
6. Ifunge kwa vipande vya soksi za nailoni au kamba ya katani. Zungusha juu ya mizizi na sehemu ya chini ya shina, usifunike machipukizi. Ikaze mpaka isitikisike. Ncha changa ya mzizi inayosuguana na gome kila upepo unapovuma haitashika kamwe.
7. Usitumie waya wala misumari. Waya hukata gome mti unaponenepa, na waya wa shaba au wenye zinki huweza kuidhuru mizizi ya okidi.

Baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache, mizizi mipya itashika gome. Ivute kidogo: ikiwa imegoma, kata kamba. Kamba ya katani itaoza yenyewe, lakini nailoni lazima uiondoe, la sivyo italibana tawi. Maua huenda yakachelewa mwaka mmoja au miwili. Okidi iliyohamishwa hujenga mizizi kwanza.

Maji na mbolea

Kabla haijashika, imwagilie kila asubuhi siku zisizo na mvua. Ikishashika, punguza hadi mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi. Aina zenye mashina manene hustahimili ukame zaidi, na baadhi huhitaji kipindi kikavu ili zitoe maua. Wakati wa masika mvua inatosha.

Tumia mizizi kama kipimo. Ikiwa myeupe kabisa, ina kiu. Ikiwa ya kijani, bado ina maji, iache. Mizizi inapaswa kukauka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, kwani inayolowa muda wote huoza.

Maji ya mvua ndiyo bora. Wasikilizaji wa mwambao wenye visima vya maji ya chumvi wasiyatumie kwa okidi, maana chumvi hubaki kwenye mizizi na kuiunguza. Chota maji ya mvua kutoka kwenye bati na uyahifadhi kwa ajili ya kiangazi.

Mbolea si lazima. Ukipenda, tumia mbolea ya maji ya dukani kwa robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja au mbili kwa mwezi wakati inapochipua. Maji ya samadi yachujwe na kuchanganywa na maji mengi hadi yawe na rangi ya chai nyepesi, na yamwagwe kwenye mizizi tu. Usiyarushie matunda yanayokaribia kuvunwa.

Tahadhari: dawa za shambani

Mti wa matunda hupuliziwa dawa, na hapo ndipo okidi nyingi huangamia bila mwenyewe kujua sababu. Dawa za ukungu zenye shaba, pamoja na mrututu, hutumiwa kwenye miembe, michungwa na kahawa. Okidi nyingi, hasa Dendrobium, huungua zikipata dawa hizo. Unga wa salfa unaotumika dhidi ya ubwiri unga kwenye mikorosho nao unaweza kuunguza mimea jua linapokuwa kali.

Kama mti wako hupuliziwa kila msimu, weka okidi kwenye mti mwingine. Kama hauna mwingine, ifunike kwa mfuko wa plastiki wakati wa kupulizia na uufungue mara dawa inapokauka, kabla jua halijapanda. Kuiacha kwenye plastiki juani kutaipika.

Kinyume chake nacho ni muhimu. Usipulizie okidi dawa ya wadudu isiyoruhusiwa kwenye matunda, kwa sababu itadondokea maembe ambayo watoto watayala bila kuyaosha. Vidung'ata na wadudu magamba wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni isiyo kali, kisha suuza. Konokono waokote usiku kwa tochi. Sisimizi wakijaa, tafuta wadudu magamba, kwani huwafuata kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Maji moto waachie mti wao: wanakula wadudu wanaoshambulia miembe, minazi na mikorosho.

Inakuambia nini kwa majani yake?

- Majani ya kijani kizito, marefu na yaliyolegea, bila maua: mwanga hautoshi. Pogoa matawi madogo yanayoikinga.
- Majani ya kijani kinachoelekea njano kidogo, yaliyosimama imara: mwanga unafaa.
- Mabaka meupe au meusi makavu upande unaotazama jua: imeungua. Isogeze au iongezee kivuli.
- Mashina yaliyonyauka na kukunjamana: ina kiu, au mizizi imeoza na haiwezi kunywa. Kagua mizizi kabla ya kuongeza maji.
- Katikati ya majani pameoza na kunuka: maji yalituama. Kata sehemu iliyooza na uinamishe zaidi.

Je, kuna pesa?

Okidi zinazouzwa kwa mashada mijini na nje ya nchi hulimwa kwa wingi ndani ya vitalu maalumu. Mkulima mwenye okidi kumi kwenye miparachichi hawezi kushindana na soko hilo, na atakayekuambia vinginevyo ili akuuzie miche, mhoji vizuri. Unachoweza kuuza ni vipande ulivyogawanya mwenyewe, kwa wapenda bustani, hoteli na wauza maua wa mji wa karibu. Ni kipato kidogo cha ziada.

Okidi yenye soko la shambani ni vanila. Ndiyo, vanila ni okidi. Hulimwa Uganda, Comoro, Madagaska na hapa Tanzania hasa mkoani Kagera, ikipandishwa kwenye miti hai kama mibono. Tofauti na tulizozieleza, vanila huanzia ardhini na hutaka matandazo kwenye mizizi. Ua lake hufunguka siku moja tu, na huku kwetu lazima lichavushwe kwa mkono. Mbinu inayotumika hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Tangu kuchavusha hadi kuvuna hupita miezi kama tisa, na bei yake hupanda na kushuka sana. Haifai kwenye mwembe mrefu, maana usipolifikia ua kwa mkono hutapata tunda.

Kwa okidi nyingine, anza na moja kwenye mti mmoja ulio karibu na nyumba, mahali unapopita kila siku. Ukiona imeshika na kutoa jani jipya, ujue mahali hapo panafaa, na nyingine unaweza kuziweka upande huo huo. Na kama tayari kuna okidi iliyoota yenyewe kwenye mwembe wako, na tawi lake ni zima, unaweza kuiacha bila hofu. Maembe yako hayatapungua kwa sababu yake.